Vidole Viwili vya Dubow

Lori la Mandera lilikuwa limeshaanza kusogea, na mimi nimeshajitengenezea pa kulala juu ya magunia ya sukari, nilipomsikia Warfa akiniita kutoka chini. Alikuwa anakimbia kando ya gurudumu la nyuma, kikoi amekikunja hadi magotini, mzee mzima wa miaka hamsini na kitu.

“Kerrow! Warya Kerrow! Teremka!”

“Mimi niko Mandera tayari!”

“Mandera haihami! Teremka, kuna kazi ya ulimi wako. Mtoto wa Abdilatif amekuja kutoka Ulaya, na amekuja na mkono kwenye sanduku!”

Malori yalikuwa yanajipanga nyuma ya gari la polisi. Miaka ile huendi Mandera bila polisi, na ukiachwa leo unangoja siku nne au tano. Mtu mwenye akili angebaki juu. Mimi nilitupa begi, nikajitupa na mimi, nikaangukia goti. Mkono kwenye sanduku! Nani angeenda Mandera bila kuuona?

Hii ilikuwa Garissa, mwaka wa tisini na sita, kiangazi, mwaka mmoja kabla ya mvua ile kubwa iliyokata barabara zote. Garissa ile ilikuwa ndogo. Ukipiga chafya karibu na daraja, watu wa sokoni wanakuombea rehema. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, ina ladha ya moshi kwa sababu vibuyu vilifukizwa, na jioni kila mtu alijua yuko wapi kwa kusikia redio ya nani iko karibu. Nimezunguka sana tangu wakati huo, nimelala miji mingi, na sijapata tena mahali ambapo nikishuka garini bila habari kuna mtu anajua jina langu.

Warfa alikuwa dalali wa mifugo. Mimi nilikuwa mtu wa kila kazi. Shule nimeisoma kwa vipande: chuo cha Kurani Eldas, madarasa mawili Wajir, na Kiingereza nikakiokota kwa wahandisi wa barabara niliowachotea maji. Kwa hiyo mgeni akija na lugha isiyoeleweka, niliitwa mimi.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa msichana wa miaka ishirini na tano hivi, jina lake Idman. Baba yake, Abdilatif, alizaliwa pale pale Garissa, akaondoka kwenda Uingereza zamani, akafia huko. Idman alisoma chuo kikuu huko. Kisomali chake kilikuwa cha mtoto wa miaka sita, cha kuomba maji na kusalimia shangazi. Mengine yote alisema kwa Kiingereza. Alikuwa amekodi Land Rover Nairobi, akapanga vitu vyake katika kibanda cha mabati pembeni mwa soko la ngamia: kompyuta kubwa juu ya meza, jenereta nje, kofia nzito yenye vioo viwili vya kuziba macho, na huo mkono.

Mkono wenyewe ulikuwa glavu. Glavu nyeusi, ncha za vidole zimekatwa, juu ya kila kidole umeshonwa waya mwembamba, na waya mnene unatoka kwenye kifundo kwenda kwenye kompyuta. Idman aliivaa, akakunja ngumi. Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mkono wa rangi ya majivu, umekatwa kwenye kifundo, unaelea gizani, nao ukakunja ngumi. Watu wa mlangoni walirudi nyuma hatua moja, kisha wakasogea mbili.

“Kule kwetu,” aliniambia, nami nikawageuzia wengine, “kompyuta inaelewa mkono kwa mambo matatu tu. Ukikunja ngumi, umeshika kitu. Ukifungua, umekiachia. Ukinyoosha kidole, unaenda unakoonyesha. Basi. Lakini baba alikuwa akiniambia kuna watu Garissa wanaongea habari nzima kwa mkono, na wameufunika kwa shuka. Nataka mkono huo uifundishe kompyuta.”

“Kumbe hiyo kompyuta ni bubu?” Warfa akauliza.

“Anasema ni mtoto mchanga,” nikamjibu, ingawa Idman hakusema hivyo.

Siku hizi naona vijana wana jina lake, wanasema uhalisia pepe. Sisi hatukuwa na jina. Tulisema tu “kule ndani”. Warfa ndiye aliyeingia kule ndani wa kwanza. Alivikwa kofia na glavu, akasimama katikati ya kibanda kama mtu aliyefungwa macho kwa mchezo. Alituambia anaona chumba, sakafu ya kijani, na boksi jekundu mbali.

“Nyoosha kidole kimoja, adeer,” Idman akamwambia. Adeer ni baba mdogo, na ndivyo alivyomwita kila mzee. “Utaenda kwenye boksi.”

Warfa hakunyoosha. “Kidole kimoja? Namnyooshea nani?”

“Hakuna mtu. Ni njia tu.”

“Njia ina wenyewe. Mwambie, Kerrow. Mimi sijawahi kumnyooshea kidole hata mbuzi.”

Ilinibidi nimweleze. Kwetu kidole kimoja hakinyooshewi mtu, wala mnyama, wala kundi. Ni kama kuliita baya lije. Nilidhani atacheka. Badala yake alikaa kwenye kompyuta akaandika kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akasema sasa itakuwa mkono mzima, kiganja juu, kama unavyomkaribisha mgeni mlangoni. Warfa akafanya hivyo, mara akapiga yowe.

“Nimepita! Wallahi nimepita ukuta! Nimepita kama jini!”

Watu walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Na mimi nikampenda yule msichana hapo hapo, kwa sababu nimefanya kazi na wasomi wengi, na wengi wao wangembadilisha Warfa badala ya mashini.

Kisha Idman akauliza: katika soko hili, mkono bora ni wa nani?

Watu kama thelathini walijibu jina moja. Dubow.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nilijua mimi, na nilidhani ni mimi peke yangu. Dubow alikuwa mkubwa wa madalali wa ngamia pale Garissa, na alikuwa amekwisha. Miaka miwili nyuma tulikuwa pamoja kwenye lori kutoka Liboi. Dereva akaingia shimoni, na Dubow, aliyekuwa amesimama, akagonga kiwiko cha kulia kwenye chuma cha ubavu. Kiwiko kilivimba, kikapona. Lakini kidole cha mwisho na kile kinachokifuata havikurudi. Vilibaki vimelala, havikunji, havibani, havisikii moto. Alinivuta pembeni akasema, “Kerrow, wewe hukuona.” Nikasema, “Sikuona nini?” Tukaachia hapo.

Kwa mtu mwingine vidole viwili si kitu. Kwa dalali ni mkate wake na jina lake. Namna yenyewe ni hii: mwenye ngamia anampa dalali wake kamba ya mnyama, na hiyo ndiyo amana, hakuna karatasi. Mnunuzi naye ana dalali wake. Siku ya soko, yaani Jumatano, madalali wawili wanachuchumaa, wanafunika mikono ya kulia kwa shuka, na bei inasemwa humo, ili mnyama asikosewe heshima mbele ya watu na jirani asijue umeuza kwa shida gani. Kila mji una lugha yake. Yetu ilikuwa rahisi: kila kidole kinachobana kiganja cha mwenzako ni moja. Mbano wa kwanza makumi ya maelfu, wa pili maelfu. Sasa mtu ambaye hawezi kubana nne wala tano atauzaje mali ya watu? Siku sokoni wakijua, hakuna atakayempa kamba. Dubow alilijua hilo, na kwa miaka miwili alikuwa anakataa kufanya biashara na madalali wengine wote ila Warfa. Watu walisema ni majivuno ya uzee.

Alikuja alipoitwa. Mrefu, ndevu zenye hina, mkono wa kulia ndani ya shuka kama kawaida yake. Idman alimshika bega akamwambia kwa Kisomali chake kidogo, “Adeer, baba alisema wewe.” Hayo tu. Abdilatif na Dubow walichunga pamoja, walitahiriwa siku moja.

Dubow aliitazama glavu. Aliniangalia mimi.

“Nimezeeka kwa michezo hii,” akasema. “Mpe Warfa.”

Hapo Shuaib akaingilia. Shuaib alikuwa mnunuzi, kijana wa Eastleigh anayepeleka ngamia Nairobi kwa nyama, mdomo umejaa miraa na maneno. “Mzee, kwani inauma? Ama mkono wako una siri? Sisi tunataka kuona ile kitu ya Dubow tunaambiwa kila siku!”

“Wewe utaona ndevu zako zikiota kwanza,” Dubow akamjibu, na watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na masikio. Akikataa sasa, kesho watajiuliza kwa nini.

Akauliza kwa sauti ya chini, “Nitaivaa chini ya shuka? Imefunikwa kabisa?”

Nikamuuliza Idman. Akasema ndiyo, bila shaka, hicho ndicho anachotaka. Akaongeza maneno marefu ya Kiingereza, kwamba kitambaa hakina shida, kwamba mashini haioni, inasikia waya ukipinda. Sikuyashika vizuri, na kwa sababu sikuyashika sikuyasema. Nilitafsiri neno moja: “Ndiyo.”

Nimelifikiria lile “ndiyo” miaka mingi.

Maana sisi sote pale, Dubow, Warfa, mimi, tuliamini mashini ina jicho. Tungejuaje? Kitu kinachoonyesha mkono wako kwenye kioo, kimeuona. Na shuka ni shuka. Tangu babu zetu hakuna jicho lililopita humo. Uso wa Dubow ulilegea. Aliingiza mkono kwenye glavu ndani ya shuka, mimi nikamsaidia kuvuta vile vidole viwili, na Idman hakuona, kwa sababu glavu alikuwa ameshaipima kwa mkono wake mwenyewe.

Ngamia alikuwa wa kweli na biashara ya kweli. Dubow hakutaka maigizo. Ngamia huyo alikuwa dume la mizigo la Maka, mjane aliyeshuka na mifugo yake kutoka upande wa Eldas, mama wa maneno makavu. Alimpa Dubow kamba akakaa chini. Warfa alikuwa dalali wa Shuaib. Wazee wawili wakachuchumaa mlangoni pa kibanda, shuka likatandazwa, na nyuma yao, juu ya meza, kioo kikawatazama watu.

Mkono wa majivu ukaamka. Kidole gumba kikabana. Kikaachia. Kisha vidole vitatu vikabana, vikakawia, vikaachia.

Mwanzoni watu walishangilia kwa pumzi. Halafu wakanyamaza. Ilikuwa kama ukuta wa bafu la mtu umeanguka na yeye mwenyewe hajui, anaendelea kujimwagia maji. Wazee kadhaa waligeuza nyuso zao wakatazama ngamia. Mimi nilisimama pembeni ya Idman. Nilitaka kupiga kelele, lakini kelele ingesema nini? Dubow aliusikia ule ukimya akadhani ni heshima. Nilimwona akitabasamu kidogo. Alibana tena: moja, kisha tatu ya kukawia. Warfa akajibu kwa mkono wake usioonekana. Mara ya tatu: moja, tatu.

Warfa akavuta shuka nusu. “Bismillahi. Kumi na tano elfu. Mnyama amekwenda.”

“Abti Warfa, mjomba, ngoja kwanza,” Shuaib akasema. Alikuwa ameacha kutafuna. “Kumi na ngapi?”

“Na tano.”

“Mimi nimeona kumi na tatu.”

“Umeonea wapi? Mkono ulikuwa chini.”

Shuaib akanyoosha kidole kwenye kompyuta, kimoja. Warfa akageuka. Dubow akageuka. Mkono wake ulikuwa bado umemshika Warfa, na pale kwenye kioo ulikuwa uchi mbele ya soko zima: gumba na viwili vimekunja, viwili vimesimama kama miti iliyokauka. Dubow aliachia polepole, na ule wa majivu ukaachia polepole.

“Amesema tatu mara tatu, wote mmeona!” Shuaib alikuwa sasa anawahutubia watu. “Amesema tatu, na huyu dalali wangu, ninayemlisha mimi, anataka nitoe tano! Hiyo elfu mbili mnagawana vipi, wazee? Nusu kwa nusu? Wiki ngapi mmenila?”

Nawaambia, hilo ni neno ambalo sokoni kwetu watu wamechomana visu kwa dogo kuliko hilo. Warfa alikuwa dalali kwa miaka ishirini na sita. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Mimi nikaruka. “Mashini imeharibika! Ni vumbi! Hii kitu imeharibika!”

“Mnasema nini?” Idman akaniuliza. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, nikimkazia macho, kwamba mashini yake ina kasoro, sivyo? Maskini, yeye aliona kazi yake ya miaka mitatu inatukanwa. Alimvua Dubow glavu, akaivaa, akabana kimoja kimoja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kioo kikamfuata bila kukosea. Akampa Shuaib aivae. Tano. “Nzima,” akasema kwa Kisomali, akatabasamu kwa watu wote, hajui alichofanya.

Watu wote wakamgeukia Warfa.

Sasa sikilizeni kitu nilichokiona. Warfa angejiokoa kwa sentensi moja. Angesema: vidole vya Dubow vimekufa, tatu yake ya haraka ni tatu, tatu yake ya kukawia kidogo ni nne, tatu yake ya kukawia sana ni tano, nimejifunza kumsoma. Alijua yote hayo. Niliona usoni kwake kwamba anayajua, na mimi niliyejidhani mwenye siri peke yangu niliona aibu. Hakusema. Aliangalia mchanga, akasema, “Kama nimekosea hesabu, hizo mbili nitatoa mimi.”

Yaani alikubali kuitwa mwizi.

Dubow alisimama. Magoti yake yalilia. Kamba ya ngamia ilikuwa bado mkono wa kushoto.

“Shuaib, acha kelele, njoo hapa. Shika mkono huu. Shika, hauumi.”

Shuaib akashika.

“Mimi nabana sasa. Kwa nguvu zangu zote. Unasikia vingapi?”

“Vitatu.”

“Hivi viwili vimekufa. Tangu mwaka wa tisini na nne. Mimi nilisema tano. Warfa amesikia tano kwa sababu Warfa hunisikia. Mashini ya mtoto wetu ni nzima, na dalali wako ni mzima. Mgonjwa ni mimi.” Kisha akamgeukia Warfa, na kwa sauti nyingine kabisa, kama hakuna mtu mwingine pale: “Umejua lini?”

“Jumatano ya kwanza.”

“Na hukuniambia?”

“Wewe uliniambia?”

Maka, aliyekuwa amekaa chini muda wote, akajipangusa vumbi. “Kwa hiyo ngamia wangu wanne umewauza kwa vidole vitatu?”

“Watatu, Maka.”

“Wanne. Na yule mwekundu ulimuuza vibaya, na wakati huo vidole vyako vilikuwa vizima vyote.” Watu wakacheka, kicheko cha kupata nafuu. “Bei imesemwa, bei imesikika. Kijana, toa kumi na tano, jua ni kali.”

Shuaib akatoa. Hakuomba msamaha vizuri, alisema tu, “Haya, abti, tusikasirikiane,” na Warfa akapokea, kwa sababu ndivyo watu wanavyoendelea kuishi.

Soko likatawanyika. Nilibaki na Idman kibandani, nikamweleza yote, pamoja na lile neno langu moja. Nilitegemea atanitukana. Aliuliza tu, “Watamfanya nini?”

“Hawatamfanya kitu. Wataacha tu kumpa kamba.”

“Lakini wamecheka. Wamemsamehe.”

“Hawana cha kumsamehe. Ila kesho mtu akishindana na Dubow chini ya shuka, anaweza kusema alisikia tatu, na nani atambishia? Nani ataweka ngamia wake hapo?”

Akageukia kompyuta yake akaanza kuandika. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa mtoni aliponituma nimwite Dubow. Nilimkuta kwa muuza chai, amekaa na Warfa. Walikuja wote wawili.

“Adeer, ingia ndani,” Idman akamwambia. “Mara moja tu.”

Alikubali, nadhani kwa sababu hakuna tena cha kuficha. Alivikwa kofia, alivikwa glavu, na safari hii Idman mwenyewe ndiye aliyevivuta vile vidole viwili, polepole, kama mtu anayemvisha mtoto viatu.

“Naona boksi,” Dubow akasema.

“Lishike.”

“Kwa nini? Umeona mwenyewe, siwezi kukunja ngumi. Si nimeambiwa kushika ni ngumi?”

“Kunja unavyoweza.”

Alikunja vitatu. Na kwenye kioo, nilikuwa natazama, mkono wa majivu ukakunja vitano. Vile viwili vilivifuata vingine, taratibu, mpaka ngumi ikafunga. Idman alikuwa amevifunga kwa maandishi yake kwenye kidole cha kati. Cha kati kikienda, navyo vinaenda.

Dubow alifungua, ukafunguka. Alikunja.

“Vinanifuata,” akasema.

“Ndiyo, adeer.”

“Viwili vyote.”

“Vyote.”

Aliinua lile boksi jekundu, akaliweka, akaliinua. Akaufungua mkono mbele ya uso wake, ile kofia nzito ikiinama, akaanza kubana hewani: moja, mbili, tatu, nne, tano. Tano ile aliikawiza. Warfa, ambaye alikuwa nyuma yangu anatazama kioo, alisema kwa sauti ndogo, “Kumi na tano,” kisha akatoka nje kwenda kuona eti ngamia wa nani analia.

Dubow alikaa humo mpaka jenereta ikaishiwa petroli na kioo kikazimika. Tulipomvua kofia macho yake yalikuwa mekundu, na alisema ni joto. Alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

“Idman,” akasema. “Huku nje, unaweza kuandika hivyo hivyo?”

Nilitafsiri kila neno.

“Huku nje siwezi, adeer.”

“Haya,” akasema. “Si kosa lako.”

Jumatano iliyofuata Dubow alifika sokoni asubuhi kama kawaida, akasimama mahali pake. Watu walimsalimia, walimletea chai, walimuuliza habari za nyumbani, na wakawapa wengine kamba. Jumatano ya pili vilevile. Ya tatu hakuja.

Dubow alihamia Modogashe kwa binti yake, akafuga mbuzi, akafariki mwaka wa elfu mbili na nane kwa ugonjwa wa kifua. Warfa aliendelea na udalali miaka tisa zaidi, ila alibadilisha wenzake mara nyingi na hakukaa na mmoja. Sasa haoni, anaishi kwa mwanawe Garissa, na nikipita huniagizia chai. Idman alimaliza masomo. Aliniandikia barua mbili, ya pili ikisema anafanya kazi na madaktari huko Uingereza, akiwatengenezea watu waliopoteza mikono namna ya kuishika kompyuta. Baadaye nilihama na anwani ikapotea. Shuaib alifungua bucha mbili Eastleigh, akafunga moja. Maka niliambiwa alifariki Eldas, mwaka sikuambiwa. Kile kibanda cha mabati kilichukuliwa na mafuriko ya mwaka uliofuata, na dume la mizigo, bila shaka, liliuzwa kwa kilo Nairobi wiki ile ile liliponunuliwa.